Gari la kale la jeshi: Piga hesabu kabla ya kulipima kwa kilo

Na Mwandishi Wetu, Kigoma

WANUNUZI wa chuma chakavu wanaopita Simbo, Ujiji na vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika hawaulizi gari bovu lilitoka wapi wala lilifanya kazi gani. Wanauliza uzito. Land Rover ya zamani iliyolala chini ya michikichi hukatwa vipande, bodi yake ya aluminiamu hupimwa peke yake kwa kuwa bei yake iko juu ya bei ya chuma, na chasisi hupakiwa kwenye lori pamoja na mapipa yaliyotoboka. Mwenye gari hupokea fedha taslimu siku hiyo hiyo, na biashara inaishia hapo.

Hata hivyo, lipo soko jingine la kitu hicho hicho, nalo halinunui kwa kilo. Hukodi kwa siku, kisha hurudisha mali kwa mwenyewe. Soko hilo ni la watengenezaji wa sinema. Wanaopiga picha za vita, za ukoloni, za ukombozi au za wakimbizi huhitaji magari ya kijeshi ya miaka ya nyuma, na mara nyingi kukodi ni nafuu kwao kuliko kununua. Huko Ulaya na Marekani wakusanyaji wa magari ya kale ya jeshi wamekuwa wakipata sehemu ya gharama za matunzo kwa njia hii kwa miongo mingi.

Ukurasa huu umepokea suala hili kama suala la kibiashara lenye maswali mawili. Kwanza, je, mwenye gari la namna hiyo mkoani Kigoma anaweza kuingiza fedha kwa kulikodisha? Pili, je, mwenye mtaji mdogo anunue gari la kale kwa matumaini ya sinema? Jibu la swali la kwanza ni ndiyo, kwa masharti. Jibu la swali la pili ni hapana, na hesabu zitakazofuata zitaonyesha kwa nini.

Mteja hununua sura

Jambo la kwanza ambalo mkodishaji anapaswa kulielewa ni kwamba mtengeneza sinema hanunui historia ya kweli. Ananunua sura ambayo kamera itaikubali.

Mfano unaojulikana ni sinema ya A Bridge Too Far ya mwaka 1977, inayohusu Vita Kuu ya Pili. Watayarishaji walihitaji vifaru vingi vya aina ya Sherman lakini waliopata vinavyotembea walikuwa navyo vichache tu. Vingine vilivyoonekana kwa mbali vilikuwa maganda ya plastiki yaliyowekwa juu ya Land Rover. Katika Saving Private Ryan ya mwaka 1998, vifaru vilivyoonekana kuwa Tiger vya Wajerumani vilikuwa T-34 vya Kirusi vilivyobadilishwa umbo. Mtazamaji alilipa kiingilio chake na hakudai kurudishiwa.

Mfano wa pili una faida zaidi kwetu. Sinema ya Kelly's Heroes ya mwaka 1970 ilipigwa Yugoslavia, na sababu kubwa ni kwamba jeshi la nchi hiyo lilikuwa bado lina vifaru vya Sherman vilivyo hai. Vita vinavyosimuliwa vilipiganwa Ufaransa, lakini fedha za hoteli, vyakula, vibarua na usafiri zilibaki Yugoslavia. Vyombo ndivyo vilivyoleta wateja.

Kwa hiyo gari linaweza kuleta kazi mahali, na kukosekana kwake kunaweza kuipeleka kazi hiyo kwingine. Mwaka 1996 ilitoka sinema ya The Ghost and the Darkness, inayosimulia simba waliokula wajenzi wa reli ya Tsavo, Kenya. Sehemu kubwa ilipigwa Afrika Kusini kwa sababu za kodi. Mteja wa biashara hii hana ndoa na mahali pa hadithi. Huenda kwenye vifaa, vibali na unafuu.

Hadithi za Kigoma na magari yake

Mwenye gari anayetaka kukodisha ajiulize: gari langu linafaa hadithi ya mwaka gani? Mkoa wa Kigoma una hadithi nyingi za kijeshi kuliko mikoa mingi ya Tanzania, na kila hadithi ina vyombo vyake.

Ya kwanza ni ya Vita Kuu ya Kwanza. Chombo cha kivita kilichovuma kuliko vyote mkoani hapa hakikuwa na magurudumu. Ni meli ya Kijerumani ya Graf von Goetzen, iliyojengwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa, ikafungwa katika masanduku yapatayo 5,000 na kuletwa kwa bahari na reli hadi Kigoma. Ilishushwa majini Februari 1915. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mlango wa Mto Malagarasi ili isitekwe, lakini kabla ya hapo mafundi waliipaka mitambo yake grisi nyingi. Grisi hiyo ilikuwa uwekezaji mzuri. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ilirudi kazini kwa jina la Liemba.

Ya pili ni ya mwaka 1965. Ernesto Che Guevara alipita Kigoma mwezi Aprili, akavuka ziwa kwenda kuwasaidia waasi wa Kongo, na Novemba mwaka huo akarudi kwa njia hiyo hiyo baada ya kushindwa. Ya tatu ni ya Mei 1975, pale wanafunzi wanne waliokuwa wakifanya utafiti Gombe walipotekwa na waasi waliotoka ng'ambo. Ya nne ni ya wakimbizi wa Burundi, Rwanda na Kongo, hasa kuanzia mwaka 1993 hadi 1997.

Sasa tuyaangalie magari. Land Rover za kwanza zilitoka kiwandani Uingereza mwaka 1948. Toleo la pili lilianza 1958, likafuatiwa na 2A mwaka 1961, kisha la tatu lililotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Anayepiga picha ya mwaka 1965 ataangalia taa za mbele kabla ya kuangalia injini. Zile za zamani zina taa zilizo karibu karibu, pande mbili za rejeta. Kuanzia miaka ya 1968 na 1969 taa zilihamishiwa kwenye madigadi, pembeni kabisa. Gari lenye taa za pembeni haliwezi kumbeba Guevara mbele ya watazamaji wanaojua magari, na wapo wengi. Toleo la tatu lenye grili ya plastiki linafaa hadithi za vita vya Kagera vya 1978 na 1979, si kabla ya hapo.

Kwa hadithi za wakimbizi, kinachotakiwa ni Land Cruiser na Defender nyeupe na malori ya aina iliyotumika katika miaka ya 1990. Haya hayaitwi magari ya kale na wengi wetu, lakini yanakwenda huko. Kigoma, kwa kuwa imekuwa kituo cha mashirika ya misaada kwa zaidi ya miaka 30, imepokea magari hayo kwa wingi, na mengi yaliuzwa mnadani na kubaki mikononi mwa watu binafsi.

Uhaba nao unasaidia bei. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Uganda ilipitisha mwaka 2018 sheria ya kuzuia magari ya umri wa miaka 15 na zaidi. Tanzania haizuii lakini hutoza ushuru wa ziada kwa uchakavu. Maana yake ni kwamba mtengeneza sinema anayetaka gari la mwaka 1964 hapa Afrika Mashariki itamlazimu alitafute kati ya yale yaliyokwishaingia. Kila linalokatwa kwa kilo linapunguza idadi hiyo, wala hakuna meli italeta jingine.

Nani alibaki na faida

Kabla ya kuingia kwenye hesabu, ni vizuri kuona fedha za namna hii zilikwenda wapi hapo nyuma.

Mwaka 1935 mwandishi wa Kiingereza C. S. Forester alitoa riwaya ya The African Queen, ambayo meli yake ya Kijerumani ilitokana na habari za Goetzen. Sinema yake ilitoka mwaka 1951, ikiongozwa na John Huston, na Humphrey Bogart na Katharine Hepburn wakiwa waigizaji wakuu. Haikupigwa Kigoma. Ilipigwa Uganda, Kongo na studio za Uingereza. Meli ya Kijerumani iliigizwa na tagi ya mvuke iliyoitwa Buganda, mali ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Ndiyo kusema kwamba shirika la umma la hapa kwetu lilikuwa katika biashara hii zaidi ya miaka 70 iliyopita.

Kisa cha boti ndogo ya sinema hiyo kina somo kubwa zaidi. Ilijengwa Uingereza mwaka 1912 ikiitwa Livingstone, ikafanya kazi ya kubeba mizigo na abiria katika Ziwa Albert. Baada ya sinema ilirudi kwenye kazi zake. Mwaka 1968 iliuzwa kwa Mmarekani. Mwaka 1992 iliandikishwa Marekani kama mali ya kihistoria, na baada ya matengenezo makubwa ya mwaka 2012 ikaanza tena kuchukua watalii Key Largo, Florida, kwa nauli. Boti ile ile ya mizigo ya Ziwa Albert imekuwa ikiingiza dola kwa jina iliyolipata katika sinema moja.

Ndege ndogo ya Gipsy Moth iliyotumika katika Out of Africa, sinema iliyopigwa Kenya na kutoka mwaka 1985, nayo iliingia mnadani Paris mwaka 2013, na sinema hiyo ndiyo iliyotangulizwa katika kuinadi. Huko Momella, Arusha, ambako John Wayne alipigia Hatari! iliyotoka mwaka 1962, mwigizaji mwenzake Hardy Krüger alinunua shamba na kufungua hoteli.

Katika visa vyote hivi malipo ya siku za kukodi yalikuwa madogo kuliko yale yaliyofuata. Chombo kilipata jina, na aliyekuwa na chombo pamoja na ushahidi wa jina hilo ndiye aliyeendelea kula. Mwenye gari wa Simbo asikose kulikumbuka hili atakapofika kwenye mkataba.

Hesabu za mwenye gari wa Simbo

Tuchukue mfano. Tarakimu zifuatazo ni za kuonyesha njia ya kupiga hesabu. Kila mmoja aweke za kwake kulingana na bei za siku hiyo.

Mwekezaji wa kwanza ananunua Land Rover ya 109 kwa Sh. 12,000,000 na kuitengeneza kwa Sh. 6,000,000. Mtaji wake ni Sh. 18,000,000. Kila mwaka analipa bima, mlinzi, maegesho na matengenezo ya kawaida Sh. 1,800,000, gari litoke au lisitoke. Hizi ni gharama zisizobadilika. Anakodisha kwa Sh. 250,000 kwa siku. Akitoa posho ya dereva, mafuta na uchakavu Sh. 70,000, anabaki na Sh. 180,000.

Gharama zisizobadilika peke yake zinahitaji siku 10 za kukodisha kila mwaka. Akitaka mtaji wake urudi katika miaka mitano, yaani Sh. 3,600,000 kwa mwaka, anahitaji siku 20 nyingine. Jumla ni siku 30 za sinema kila mwaka kwa miaka mitano mfululizo, na hapo hajapata faida hata senti. Kigoma haina idadi hiyo ya siku. Kumpelekea mteja gari Dar es Salaam nako ni safari ya zaidi ya kilomita 1,200, ambayo gharama yake itameza malipo ya siku nyingi. Uamuzi wa kibiashara hapa ni kutonunua.

Mwekezaji wa pili tayari anayo Land Rover inayofanya kazi. Inabeba mawese kutoka Simbo, inashusha dagaa kutoka mwaloni, inapeleka saruji vijijini. Bima na matengenezo vinalipwa na kazi hizo. Kwa ajili ya sinema anatumia Sh. 1,200,000 tu: kuondoa stika na taa za kisasa, kurudisha turubai, kupata usukani na vioo vya asili, kupiga rangi moja isiyong'aa. Akikodisha anapata Sh. 180,000 zile zile, lakini siku hiyo anaacha kazi ya kawaida ambayo ingemwachia Sh. 60,000. Faida yake halisi ni Sh. 120,000 kwa siku. Siku 10 zinarudisha fedha aliyotumia, hata zikija kwa miaka mitatu. Akipata sinema moja ya wiki mbili, amekwishavuka.

Mwekezaji wa tatu ana gari lisilotembea. Mnunuzi wa chuma chakavu anampa Sh. 1,500,000 leo. Sinema hukodi pia magari yaliyokufa, ya kusimama nyuma ya waigizaji au kuonekana yameungua, lakini kwa bei ya chini, tuseme Sh. 100,000 kwa siku, mteja akijitegemea usafiri. Anahitaji siku 15 kulingana na fedha ya chakavu, na hajui zitakuja lini. Ikiwa ada ya shule inadaiwa mwezi huu, kuuza si ujinga. Lakini auze vipi? Kabla ya kukubali mizani, aulize kwanza mafundi na wenye Land Rover wengine bei ya gari zima au ya spea moja moja. Grili ya chuma, taa za asili, milango, gia boksi na dashibodi ya toleo la zamani vina wanunuzi wanaolipa kwa kipande. Mizani iwe mteja wa mwisho, apewe yale ambayo wengine wote wameyakataa.

Hesabu hizi tatu zinatoa kanuni moja: sinema iwe kipato cha ziada cha gari lenye kazi nyingine. Liemba yenyewe inathibitisha. Ilivuma kwa sababu ya riwaya na sinema, lakini iliishi kwa abiria na mizigo. Mwaka 1997 Liemba na Mwongozo zilitumiwa na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi kurudisha Kongo wakimbizi zaidi ya 75,000, Liemba ikifanya safari 22 kati ya Kigoma na Uvira katika miezi mitano. Mwaka 2015 ilichukua wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga. Kazi za namna hiyo ndizo zilizoiweka hai hadi watu wa kamera wakaendelea kuitafuta.

Mkataba uandikwe kabla ya ufunguo kutolewa

Waliozoea kukodisha magari ya harusi au ya kampeni hupatana kwa mdomo. Kwa sinema haifai, kwa sababu mteja ni kampuni inayoundwa kwa kazi moja na kuvunjwa kazi ikiisha. Ukirudi baada ya miezi mitatu kudai taa iliyovunjika, ofisi imefungwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mambo yafuatayo yasikose kuandikwa:

1. Siku ya kukodi. Ihesabiwe tangu gari linapotoka uani hadi linaporudi, si kuanzia kamera inapowashwa. Idadi ya saa kwa siku itajwe, na malipo ya saa za ziada.

2. Siku ya kusubiri. Mvua ikinyesha au mwigizaji akiugua, gari limekaa pale pale na kazi yako ya mawese imelala. Siku hiyo ilipwe, hata kama ni kwa nusu. Kadhalika itajwe fidia mteja akiahirisha ghafla.

3. Malipo ya awali na amana. Nusu ya fedha ilipwe kabla gari halijatoka. Amana ya uharibifu iwe tofauti na malipo ya kukodi, na irudishwe baada ya ukaguzi.

4. Hali ya gari. Pigeni picha pande zote, ndani na chini, pande mbili zitie saini. Bila hiyo kila mkwaruzo utaitwa wa zamani.

5. Rangi na matundu. Watu wa sinema hupenda kupaka rangi, kupachika nembo na kutoboa bodi. Mkataba useme nani anarudisha gari katika hali yake, kwa gharama ya nani, na katika siku ngapi.

6. Dereva. Awe wako. Gari lisilo na pawa stiaringi, lenye breki za kukanyaga mara mbili, litavunjwa na kijana aliyezoea gari la gia za otomatiki. Dereva wako ni bima ya kwanza.

7. Bima yenyewe. Bima ya mtu wa tatu haitakulipa gari lako likigongwa. Hata bima kubwa inaweza kukataa dai ikiwa gari lilitumika kwa kazi isiyoandikwa. Mwambie mteja akate bima ya kazi hiyo, na upewe nakala.

8. Jina na picha. Hapa ndipo wengi watakapopoteza. Dai uandikiwe barua inayotaja namba ya chasisi ya gari, jina la sinema na tarehe zilizotumika. Dai picha chache ambazo una ruhusa ya kuzitumia kutangaza biashara yako. Havimgharimu mteja kitu, na ndivyo vitakavyopandisha thamani ya gari siku utakapoliuza au kulitumia kwa watalii.

9. Kodi. Kampuni inayofuata taratibu itadai namba ya mlipakodi na risiti ya EFD, na inaweza kukata kodi ya zuio. Bei itajwe kama ni kabla au baada ya makato, ili mapatano yasigeuke ugomvi siku ya kulipwa.

Mpaka kati ya gari la kale na mali ya jeshi

Jambo hili linahitaji tahadhari kuliko faida. Gari lililotengenezwa kwa mfano wa kijeshi na kuuzwa kwa raia kihalali, lenye kadi ya usajili kwa jina lako, ni mali yako. Gari au kifaa kilichotoka kambini bila karatasi ni balaa. Mnunuzi adai hati ya mnada, kadi na namba za chasisi na injini zinazolingana. Kwa magari ya mashirika ya kimataifa yaliyoingia kwa msamaha wa ushuru, ahakikishe kwamba ushuru ulikwishalipwa yalipouzwa, la sivyo deni litamfuata yeye wakati wa kubadilisha umiliki.

Rangi za mabaka na nembo za jeshi si mapambo ya barabarani. Agosti 2023 Jeshi la Wananchi lilitoa siku saba kwa raia wenye sare au mavazi yanayofanana na ya jeshi kuyasalimisha. Mwenye gari asitembeze mjini gari lililopakwa kama la jeshi eti linakwenda kupigwa picha. Nembo na namba za bandia zipachikwe katika eneo la kazi, baada ya mteja kuonyesha vibali, na zitolewe kabla gari halijarudi barabarani. Ikibidi, lipelekwe juu ya lori likiwa limefunikwa. Silaha, hata zile za kuigizia, zisipakiwe ndani ya gari lako. Silaha zina sheria yake ya mwaka 2015 na ni jukumu la mteja na polisi.

Kibali cha kupiga sinema hutolewa na Bodi ya Filamu chini ya sheria ya mwaka 1976. Mkodishaji hakiombi yeye, lakini aombe kukiona. Kwenye maeneo ya hifadhi kama Gombe, kibali cha hifadhi nacho kionekane. Na kwa kuwa Kigoma ni mkoa wa mpakani, msafara wa magari ya kijeshi ya kuigiza usiotolewa taarifa kwa uongozi wa vijiji unaweza kuzua taharuki. Watu wa hapa wameona misafara ya kweli.

Hatua za kuchukua

Mwenye gari moja peke yake hapatikani kirahisi. Mratibu wa sinema anayetoka Nairobi au Dar es Salaam hana muda wa kuzunguka Simbo, Ujiji na Mwandiga akiuliza nyumba kwa nyumba. Wenye magari matano au sita wakiungana, wakaandika orodha moja yenye picha, aina, mwaka, namba ya chasisi, kama linatembea au halitembei, na bei ya siku, wamekwisha kuwa na bidhaa ya kuuzika. Orodha hiyo ipelekwe Bodi ya Filamu, kwa ofisi ya utamaduni ya mkoa, na kwa kampuni zinazopokea wageni wa sinema mijini. Gharama yake ni ya kupiga picha na nauli. Wamiliki wa boti za zamani za mbao wasiachwe nje, kwani hadithi nyingi za mkoa huu zinavuka ziwa.

Watakaoingia katika orodha waanze na mambo matatu wiki hii. Kwanza, watafute kadi ya gari na kuhakikisha jina ni lao, si la marehemu au la aliyewauzia miaka 20 iliyopita. Pili, wahifadhi kila kipande cha asili wanachokibadilisha, badala ya kukiachia gereji. Tatu, wapake grisi panapostahili na kuinua matairi juu ya magogo kama gari halitembei, maana mkodi wa kwanza atauliza kama linawaka.

Kuhusu bei, wasikimbilie kutaja za Ulaya walizozisikia. Bei ya kuanzia ni rahisi kuipata: kile ambacho gari linaingiza kwa siku ya kazi njema ya kawaida, mara tatu au nne, pamoja na posho ya dereva. Chini ya hapo, mawese yanalipa zaidi. Juu sana ya hapo, mratibu atapiga simu Nairobi, na sinema ya Ujiji itapigwa kwingine kama ilivyotokea kwa Mountains of the Moon, sinema ya mwaka 1990 kuhusu safari ya Burton na Speke iliyowafikisha Ujiji mwaka 1858. Hiyo ilipigwa Kenya.